Homa Haina Mhuri

Hoja iliyo mezani: mfanyakazi anayeugua siku moja au mbili asilazimishwe kuleta cheti cha daktari ndipo alipwe. Kwa lugha ya viwanda vya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam: ED ya siku mbili ifutwe.

Nimewaketisha watu watano. Yuko Afisa Utumishi wa kiwanda cha biskuti, yuko dada Mpakiaji wa kiwanda hicho hicho, yuko Tabibu wa zahanati, na yuko Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, mzee anayekaribia kustaafu. Wa tano atachelewa. Msiwatafute, hawapo, nimewatunga mimi, ila maneno yao husemwa kila Jumatatu asubuhi mjini humu. Mtunza muda hatuna, kengele hatuna. Mwenyekiti ni mimi, na ni mwenyekiti mwenye upande.

Sheria kwanza, tusije tukabishana hewani. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. (Zanzibar ina sheria yake.) Majirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, wanapata si chini ya siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa kila miezi 12, baada ya miezi miwili kazini, nao hudaiwa cheti. Kwa wingi wa siku, basi, Mtanzania hana cha kulalamikia. Ugomvi uko mlangoni: unaingiaje kwenye hizo siku?

AFISA UTUMISHI: Mwenyekiti, nianze mimi kwa sababu najua nitasulubiwa. Sina chuki na mgonjwa. Nina mstari wa kupakia ambao ukipungukiwa watu watatu, mashine inazimwa. Simu yangu huanza kuita saa kumi na mbili kasoro asubuhi. "Bosi, naumwa tumbo." "Bosi, nimeamka kichwa kizito." Sasa niambieni kwa nini matumbo ya watu huuma zaidi Jumatatu, na siku inayofuata sikukuu, na siku Simba na Yanga wanapocheza saa kumi jioni. Nisipodai ED nitamlipa mwongo na mkweli sawasawa. Na msidhani anayeumizwa na utoro ni mwenye kiwanda peke yake. Ni yule dada wa pembeni anayebaki kupakia maboksi ya watu wawili.

MPAKIAJI: Hilo kweli, mama. Nimeyapakia. Lakini na mimi nieleze yangu. Naishi Chanika. Shifti ya asubuhi naamka saa tisa usiku. Siku nikiamka mwili unawaka moto, najua kabisa dawa yangu ni panadoli, maji na kulala. Silali, kwa sababu ED haiji kitandani. Navaa, nasimama kwenye daladala na homa yangu, nakaa foleni, nafungua faili, namsubiri daktari, naambiwa nikapime, nasubiri majibu, narudi kwa daktari. Natoka saa nane mchana. Kipimo cha malaria hakijaonyesha kitu. Naambiwa nikanywe maji mengi, nimeze panadoli, nikapumzike.

AFISA UTUMISHI: Lakini una kadi ya bima, mdogo wangu.

MPAKIAJI: Kadi haipandi daladala, mama. Na zahanati ya jirani na nyumbani hawaipokei.

Hapa Tabibu alikuwa anacheka peke yake, kicheko cha mtu anayejua siri ya ndoa ya watu. Nikamwomba aitoe.

TABIBU: Jumatatu asubuhi nikiliangalia benchi langu naweza kuwagawa watu kabla hawajafungua mdomo: waliokuja kutafuta dawa na waliokuja kutafuta karatasi. Wa karatasi hawana haraka ya kupona, wana haraka ya kuondoka. Na sisemi wanadanganya! Wengi wao wanaumwa kweli, ila wanaumwa vitu ambavyo mimi siwezi kuvifanyia lolote. Mafua. Kuhara kwa siku moja. Kipandauso. Mgongo. Maumivu ya hedhi. Sasa fikiria ninavyofanya kazi. Nina kipimajoto, nina kipimo cha haraka cha malaria, nina mashine ya presha. Hakuna hata kimoja kinachopima kichwa kinachouma. Namwuliza mgonjwa: kinauma tangu lini? Jana. Kinauma sana? Sana. Naandika: apumzike siku mbili. Napiga mhuri. Mama Utumishi anaipokea ile karatasi kama ushahidi. Alicholetewa ni maneno yale yale ya mfanyakazi wake aliyoyakataa kwenye simu, sasa yamepigwa mhuri.

AFISA UTUMISHI: Kwa hiyo unakiri unaandika usichokijua?

TABIBU: Nakiri kwamba maumivu hayana shahidi. Nikimnyima mtu mapumziko nikidhani ananidanganya, na kumbe ndiyo mwanzo wa homa ya uti wa mgongo, jibu langu mbele ya Baraza la Madaktari litakuwa nini? Nikimpa mwongo siku mbili, hasara ni maboksi. Nikimnyima mgonjwa, hasara inaweza kuwa mtu. Daktari yeyote mwenye akili timamu ataegemea upande huo huo, na kila mfanyakazi mjanja analijua hilo. Ndiyo maana mwongo mzoefu hakosi ED. Anayeikosa ni yule asiyejua kuomba.

Nikiwa mwenyekiti ningepaswa kumruka haraka nimpe mwingine zamu. Sitaki. Mjadala wa ED nchini huendeshwa kama vile karatasi ile inachuja wakweli na waongo, na Tabibu ametuambia kwamba kwa ugonjwa wa siku moja au mbili haichuji kitu. Mwenye mguu uliovunjika ana picha ya eksirei. Aliyefanyiwa upasuaji ana karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini. Mwenye kifua kikuu ana majibu ya makohozi na kadi ya kliniki, na wiki zake za kwanza za dawa ni vizuri akae mbali na wenzake. Kwa hao cheti ni cheti. Kwa mwenye kichwa, ni simu ya asubuhi iliyozungushwa zahanati na kurudi.

AFISA UTUMISHI: Sawa, tuseme hivyo. Lakini ugumu wenyewe una kazi. Asiyeumwa hatapoteza siku nzima kwenye foleni. Ugumu ndio mchujo.

KATIBU: Hapo ndipo ninaposimama, mwenyekiti. Mama, unasema foleni ni mchujo. Inamchuja nani? Asiyeumwa ana nguvu ya kukaa foleni kutwa, na ana muda. Mwenye homa hana. Na kama foleni ni ndefu mno, asiyeumwa ana njia ya mkato: mhuri unachongwa mjini kabla chai haijapoa.

AFISA UTUMISHI: Hilo nimelikuta, mzee. Nimepokea ED tatu za watu watatu wa mitaa mitatu, mwandiko mmoja. Nikapiga simu kituoni, jina halimo kwenye kitabu.

TABIBU: Na ndivyo inavyotakiwa kufanywa. Kila mgonjwa ninayemwona anaingia kwenye kitabu cha MTUHA, namba, jina, tarehe. Ukiuliza "mtu huyu alifika kwenu siku hii?" nitakujibu ndiyo au hapana. Ukiuliza alikuwa anaumwa nini, sitakujibu.

AFISA UTUMISHI: Kwa nini? Mimi ndiye ninayelipa.

TABIBU: Unalipia siku, hulipii ugonjwa. ED yangu inatakiwa ikuambie mambo manne: nilimwona nani, lini, hafai kufanya kazi kwa siku ngapi, na kama akirudi apewe kazi nyepesi. Jina la ugonjwa si lako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilishakataza kutoa siri ya majibu ya mtu.

MPAKIAJI: Daktari, mimi niseme kitu ambacho mezani kwenu hakionekani. Kuna wakati si maandishi yanayotoa siri. Mwenzetu mmoja alikuwa akienda kuchukua dawa zake, akirudi na karatasi. Daktari hakuandika ugonjwa wowote. Lakini mhuri uliandikwa CTC, kliniki ya dawa za VVU. Ile karatasi inapita kwa msimamizi wa zamu, inapita kwa karani, inakaa juu ya meza, kila anayeingia anaiona. Tulimjua wote ndani ya wiki moja. Hakuna aliyemtamkia neno baya, ila kwenye chai alikuwa anakaa peke yake.

Afisa Utumishi hakujibu hapo, na mimi sikumlazimisha. Ningeuliza tu maofisa wenzake wanaosoma: karatasi za wagonjwa kwenu zinapita mikono mingapi kabla ya kufika kwenye faili? Bahasha iliyofungwa, inayopokelewa na mtu mmoja, haigharimu kitu.

KATIBU: Tuje kwenye suala la nani asaini, maana hapa ndipo wafanyakazi wanapochezewa. Kuna maofisi yanasema: hatupokei ED isipokuwa ya hospitali ya kampuni. Sheria haisemi hivyo. Kifungu kile kile cha 32 kinakitambua cheti cha daktari aliyesajiliwa, yeyote, popote. Halafu kinaongeza: au mtaalamu mwingine wa tiba anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri asimkatae bila sababu ya maana. Maneno hayo ya mwisho ni dhahabu.

TABIBU: Yananihusu mimi. Wagonjwa wananiita daktari, na hapa mezani mnaniita daktari, lakini mimi ni tabibu. Zahanati nyingi za nchi hii, hasa nje ya miji, hazijawahi kuwa na daktari mwenye shahada. Anayepima, anayeandika dawa na kutoa rufaa ni tabibu. Mwajiri akikataa mkono wangu kwa sababu tu mimi si daktari, anamwambia mfanyakazi wa shamba la mkonge au la chai asafiri hadi hospitali ya wilaya kwa ajili ya kuhara.

KATIBU: Na kukataa kwa namna hiyo, mimi nasema, ndiko kukataa bila sababu ya maana. Tena kuna faida nyingine ya kulijua hili. Kanuni zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria hiyo zinahesabu kutofika kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa au bila sababu inayokubalika kuwa kosa la kumwachisha mtu kazi. Kijana analala na homa wiki nzima, analeta karatasi ya zahanati, ofisi inaikataa, tayari ana siku sita za utoro. Ugomvi wa karatasi umegeuka ugomvi wa ajira. Na akiachishwa ana siku 30 tu za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

MPAKIAJI: Na ya mganga, mzee? Maana wapo wanaokwenda huko kwanza.

Swali la Mpakiaji liliwachekesha wote, ila si la kipuuzi. Tanzania inasajili waganga wa tiba asili chini ya sheria ya mwaka 2002, kwa hiyo ni watoa huduma wanaotambulika na serikali. Afrika Kusini jambo hili lilifika mbali zaidi. Mpishi wa hoteli moja ya Pretoria aliomba likizo isiyo na malipo amalize mafunzo ya uganga, akaleta barua ya mganga wake, akanyimwa, akaenda hata hivyo, akafukuzwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo ilisema kufukuzwa kwake hakukuwa halali. Haikusema barua ya mganga ni sawa na cheti cha daktari. Ilitazama kama mama yule alikuwa na sababu ya kweli ya kutokuwepo. Kwetu, kwa maneno ya kifungu cha 32, sioni mganga akipita mlango wa kwanza, na wa pili unamtaka mwajiri mkarimu kweli kweli.

TABIBU: Mwenyekiti, tusiondoke kwenye siku mbili zetu. Kumbukeni macho mekundu, Januari 2024. Wizara ya Afya ilitoa tahadhari kwa umma, ugonjwa umeenea Dar es Salaam, watu waepuke kushikana mikono, wanawe, wasisogeleane. Virusi vile huwa haviui, vinaisha vyenyewe. Kitu cha maana kuliko vyote ilikuwa mtu akae nyumbani. Nini kilitokea? Walijaa kwangu. Hawakufuata dawa. Walifuata ED. Mtu mwenye macho mekundu ameshika bomba la daladala kutoka Gongo la Mboto, ameshika mlango wangu, ameshika kalamu yangu akasaini. Karatasi ya kumweka mbali na watu aliitafuta katikati ya watu.

AFISA UTUMISHI: Wakati ule sisi wenyewe tuliwarudisha getini.

TABIBU: Na mliwadai ED waliporudi?

AFISA UTUMISHI: ... Tuliwadai.

Nitasema wazi kwamba hapa nilifurahi, na mwenyekiti mzuri hafurahi.

MPAKIAJI: Niongeze la mwisho upande wangu. Mama amesema Jumatatu watu wanadanganya. Baadhi ni mimi. Mwanangu akiumwa, anayeshinda naye ni mimi. Sheria inanipa siku ngapi za mtoto kuumwa?

KATIBU: Kifungu cha 34: nne. Si kwa mwaka, kwa mzunguko mzima wa likizo, yaani miezi 36. Na ndani ya hizo hizo nne zimo siku za msiba wa mume, mzazi, babu, bibi, mjukuu, ndugu.

MPAKIAJI: Siku nne kwa miaka mitatu. Mtoto wa miaka miwili anazimaliza kabla ya mvua za masika kwisha. Zikiisha, mtoto akipandisha homa usiku, asubuhi napiga simu nasema naumwa mimi. Kisha inabidi nikatafute ED yangu mimi mzima, huku mtoto mgonjwa nimembeba mgongoni. Daktari ananiona. Anajua. Ananiandikia.

TABIBU: Naandika, dada. Tena ni zaidi ya mmoja kwa wiki.

AFISA UTUMISHI: Basi nipeni njia, msinipe huzuni. Mimi nikirudi ofisini jioni hii, mwenye kiwanda ataniuliza: umefuta ED, umeweka nini mahali pake?

TABIBU: Uingereza mtu hujithibitishia mwenyewe ugonjwa wa siku 7 za kwanza. Anajaza fomu, basi.

AFISA UTUMISHI: Uingereza si Vingunguti, daktari.

KATIBU: Basi tusiende Uingereza. Twende Afrika Kusini, ambako wana mzunguko wa miezi 36 kama wetu. Sheria yao ya Masharti ya Msingi ya Ajira ya mwaka 1997 inasema hivi: mwajiri anaruhusiwa kukataa kulipa bila cheti pale tu mfanyakazi anapokosa kazi zaidi ya siku mbili mfululizo, au anapokosa zaidi ya mara mbili ndani ya wiki nane. Umeona inavyobana? Siku moja au mbili, sema neno lako na ulipwe. Ukirudia mara ya tatu ndani ya wiki nane, lete karatasi. Mtu wa kila Jumatatu ananaswa kabla ya mwezi kwisha, bila kumsumbua yule aliyeugua mara moja tangu Pasaka. Na wao siku zao ni chache kuliko zetu: anayefanya kazi siku tano kwa wiki anapata siku 30 kwa miezi 36. Wamebana mfuko, wamelegeza mlango. Sisi tumefanya kinyume.

AFISA UTUMISHI: Hiyo ya mara mbili kwa wiki nane ningeweza kuishi nayo. Naweza kuihesabu kwenye kompyuta. Lakini sisi hatuna sheria hiyo, mzee. Sheria yetu inadai cheti.

KATIBU: Inadai? Isome tena, mama. Umeisoma lini mara ya mwisho?

Na hapa nilivua kofia ya uenyekiti, maana nilikuwa nimelingoja jambo hili tangu mwanzo. Kifungu cha 32, kifungu kidogo cha 3, hakimwamuru mfanyakazi kuleta cheti, wala hakimkatazi mwajiri kulipa bila cheti. Kinasema mwajiri hatalazimika kulipa endapo mfanyakazi atashindwa kutoa cheti. Kutolazimika si kukatazwa. Mwajiri anayetaka kuwalipa wafanyakazi wake siku mbili za ugonjwa kwa neno lao havunji kifungu chochote. Hahitaji Bunge, hahitaji kibali cha Wizara ya Kazi. Anahitaji ukurasa mmoja wa kanuni za kazini, au kipengele kimoja kwenye mkataba wa hali bora. Nimewasikia maofisa wengi wakisema "sheria inatubana" kwenye jambo ambalo sheria imewaachia wenyewe, na sidhani wote wanadanganya. Wengi wameirithi fomu kutoka kwa aliyewatangulia, na fomu ndiyo waliyoisoma.

AFISA UTUMISHI: Mkaguzi wa hesabu ataniuliza ushahidi wa malipo.

KATIBU: Mpe fomu. Mfanyakazi siku anayorudi anajaza: niliugua tarehe fulani, nilishindwa kufanya kazi, nilimjulisha msimamizi saa fulani. Anasaini. Msimamizi anakaa naye dakika tano, anasaini. Akija kubainika amedanganya, hiyo ni karatasi yenye saini yake, na uongo wa maandishi kazini ni kosa la nidhamu linalojulikana. Kwa ED unaipigia zahanati. Kwa fomu hii mtu amejifunga mwenyewe.

TABIBU: Na hizo dakika tano, mama, zina thamani kuliko mhuri wangu. Msimamizi anayemwuliza mtu wake "vipi, umepona?" atajua mengi. Atajua mgongo unauma kwa sababu meza ya kupakia ni fupi. Hilo mimi zahanati silioni kamwe. Na kama ugonjwa unatokana na kazi yenyewe, mlango wake ni mwingine, ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Wakati huo mlango ukafunguliwa. Wa tano alikuwa amefika, kijana, unga wa ngano kwenye nywele.

KIBARUA: Shikamooni wakubwa.

WOTE: Marahaba.

KIBARUA: Nimechelewa kwa sababu nilikuwa kazini. Nimesikia mwisho mwisho. Mnagombania karatasi ya kulipwa siku ya kuumwa. Mimi nikileta karatasi hata iwe na mihuri kumi, silipwi. Siku niliyokuja jina langu linaandikwa getini, jioni napewa hela yangu. Siku sikuja, hakuna kitu, na kesho yake nafasi yangu ina mtu. Kwa hiyo mimi siumwi. Nina mafua sasa hivi ninavyoongea nanyi, na kutwa nzima nilikuwa kwenye biskuti.

Hakuna aliyekuwa na haraka ya kusema. Afisa Utumishi alikuwa anaangalia mikono yake.

KATIBU: Mwanangu, umefanya kazi hapo muda gani?

KIBARUA: Tangu mwaka jana. Miezi miwili, naambiwa kapumzike, naitwa tena. Mitatu, tena hivyo hivyo.

KATIBU: Sikiliza basi. Kifungu cha 29 kinasema aliye na utumishi chini ya miezi sita hana likizo ya malipo. Waajiri wanakijua mpaka hapo. Lakini kinaendelea: aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwaka kwa mwajiri huyo huyo, na jumla ya muda wake ikazidi miezi sita katika mwaka huo, anastahili. Hiyo miwili na mitatu yako inajumlishwa.

KIBARUA: Nani anajumlisha, mzee? Daftari liko getini, kwa mlinzi.

Mzee Katibu alifungua mdomo, akaufunga. Nilikuwa nimejiandaa kumalizia mjadala huu kwa ushindi wa hoja ya siku mbili, na bado naamini imeshinda. Lakini kijana huyu ameonyesha mpaka wake. Tukifuta ED ya siku mbili kesho, atakayepumzika ni Mpakiaji. Kibarua atakuja na mafua yake, atayaacha kwenye mstari, na Mpakiaji atayachukua. Kiwanda kinachowalipa waajiriwa siku mbili za ugonjwa na kuwaacha vibarua waje na homa kimefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Hoja ya kulipa ugonjwa mfupi kwa neno la mgonjwa ina nguvu zaidi kwa kibarua kuliko kwa mwajiriwa, kwa sababu kibarua hana kabisa sababu ya kubaki nyumbani.

AFISA UTUMISHI: Mwenyekiti, naomba iandikwe: ya siku mbili nitaipeleka. Ya vibarua siwezi kuahidi.

KATIBU: Naomba nayo iandikwe: hiyo ya vibarua ndiyo tutakayoanza nayo tukikaa kwenye mkataba wa hali bora.

Yote mawili nimeyaandika. Uamuzi wa mwenyekiti ni huu: siku mbili kwa neno la mgonjwa, si zaidi ya mara mbili ndani ya wiki nane, kuanzia siku ya tatu ED ya daktari au tabibu yeyote aliyesajiliwa, isiyotaja ugonjwa, ndani ya bahasha. Vibarua wahesabiwe siku zao kwenye daftari ambalo wao pia wana nakala yake. Msomaji uliye kibarua, usingoje daftari la getini: andika siku zako mwenyewe kuanzia kesho, tarehe na jina la msimamizi aliyekupokea. Na wewe uliye ofisini, kifungu ni cha 32, kifungu kidogo cha 3. Kisome kabla ya Jumatatu, simu hazijaanza kuita.